Bibi Wu: kazi aliyoifanya na sifa aliyopewa

(Hii ni hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa walimu wa sayansi na watumishi wa serikali.)



Nimeombwa nizungumze juu ya wanawake na sayansi. Mada hiyo ni pana mno, na mara nyingi huishia katika orodha ya majina na makofi. Kwa hiyo nimeona heri nimchukue mtu mmoja tu, nimfuate katika kazi yake kwa utaratibu, ili tuone kazi yenyewe ilikuwa nini na dunia ilimlipa nini kwa kazi hiyo.

Mtu huyo ni Bibi Chien-Shiung Wu. Alizaliwa China mwaka 1912 na akafariki New York mwaka 1997. Katika majira ya baridi ya mwaka 1956 kuingia 1957 alifanya jaribio lililoiangusha sheria moja ya fizikia ambayo karibu mabingwa wote wa dunia waliishika kama jambo lisilohitaji hata kuulizwa. Miezi tisa baadaye Tuzo ya Nobel ilitolewa kwa ajili ya jambo hilo hilo. Walipewa wanaume wawili waliouliza swali. Mwanamke aliyelijibu hakupewa.

Naomba tusianze na tuzo lakini. Tuanze na ada ya shule, maana hapa walio wengi ni walimu.

Baba yake, Wu Zhong-Yi, aliishi katika mji mdogo wa Liuhe, karibu na mlango wa mto Yangtze, zama ambazo wasichana wengi wa China walikuwa bado wakifungwa miguu isikue, na kusoma kwao kulihesabiwa kuwa ni upotevu wa fedha. Mzee huyo alifungua shule ya wasichana, akaiita Mingde. Mkewe naye alikuwa mwalimu. Binti yao alisoma hapo hadi mahali ambapo shule iliishia, na alipofika umri wa miaka 11 akapelekwa Suzhou katika shule ya wasichana yenye michepuo miwili: mmoja wa masomo ya kawaida yaliyolipiwa ada, na mwingine wa ualimu usio na ada, ambao pia ulimhakikishia mhitimu kazi. Akachagua ualimu.

Haukupita muda akagundua kwamba wenzake wa mchepuo ule mwingine walikuwa wakifundishwa hisabati, fizikia na kemia zaidi kuliko yeye. Hakulalamika. Alikuwa akiwaazima vitabu vyao jioni, wao walipokwisha kumaliza kazi zao, akajifundisha usiku. Mwaka 1929 alimaliza akiwa wa kwanza katika darasa lake, na mwaka uliofuata akaingia Chuo Kikuu cha Taifa mjini Nanjing. Alianza na hisabati, kisha akahamia fizikia. Basi huyu ambaye baadaye angefundisha fizikia katika vyuo vikuu vyenye majina makubwa, fizikia yake ya kwanza aliipata kwa kitabu cha kuazima. Nadhani wapo humu ndani wanaojua jambo hilo kwa uzoefu wao wenyewe.

Huko Nanjing wanafunzi walikuwa wakiishinikiza serikali isimame imara dhidi ya uvamizi wa Wajapani. Walimchagua Wu awe kiongozi wao, na sababu mojawapo ilikuwa ya werevu: alama zake zilikuwa za juu mno hata wakuu wasingethubutu kumfukuza. Aliwaongoza wenzake kwenda kuketi katika uwanja wa ikulu mpaka Chiang Kai-shek mwenyewe akatoka kuzungumza nao.

Baada ya kuhitimu mwaka 1934 alifanya kazi ya utafiti, na huko Shanghai alikuwa chini ya mwanamke mwingine, Profesa Gu Jing-Wei, aliyekuwa amesoma Marekani katika Chuo Kikuu cha Michigan. Profesa Gu ndiye aliyemhimiza naye aende ng'ambo, na ami yake akatoa nauli. Agosti 1936 akapanda meli. Wazazi wake walimsindikiza bandarini, na hakuwaona tena maisha yake yote. Mwaka uliofuata vita ya Japani na China ilipamba moto, kisha ikaja vita kuu, kisha mageuzi ya China na uhasama kati ya nchi hizo mbili. Baba yake alifariki mwaka 1959 na mama yake mwaka 1962, naye akiwa mbali.

Nia yake ilikuwa kusoma Michigan. Lakini alipofika California akasikia kwamba huko Michigan wanafunzi wa kike hawakuruhusiwa kupita mlango wa mbele wa jengo la umoja wa wanafunzi. Akabaki Berkeley, ambako Ernest Lawrence alikuwa akijenga mitambo ya kuvunjia atomu, na ambako alisimamiwa kwa karibu zaidi na Mwitalia Emilio Segrè. Alipata shahada ya udaktari mwaka 1940. Mwaka 1941 gazeti moja la Oakland liliandika habari za utafiti wake, na likaona ni lazima kuwaambia wasomaji kwamba mwanamke huyo alikuwa na umbo dogo. Tangu siku hiyo waandishi hawakuacha kuutaja udogo wa umbo lake na mavazi yake ya Kichina. Sijawahi kusoma makala juu ya Enrico Fermi inayoanza na kimo chake.

Pamoja na shahada hiyo, Berkeley haikumpa nafasi ya ualimu. Akaenda kufundisha chuo cha wanawake, Smith College, mahali pazuri lakini pasipo na vyombo vya utafiti. Mwaka 1943 akaitwa Princeton kuwafundisha fizikia maofisa wa jeshi la majini. Hebu tulitazame jambo hilo: Princeton ilianza kuwapokea wasichana wa shahada ya kwanza mwaka 1969. Vita ilipobana, mwanamke aliruhusiwa kufundisha katika chuo ambacho mwanamke hakuruhusiwa kuwa mwanafunzi.

Mwaka 1944 akaingia Chuo Kikuu cha Columbia, New York, katika kazi ya siri ya kutengeneza bomu la atomu. Sitapita hapo kimya kimya. Alifanya kazi juu ya vyombo vya kupimia mionzi na juu ya mbinu za kuchuja urani. Mwezi Septemba mwaka huo tanuri kubwa ya nyuklia ya Hanford iliwashwa, ikafanya kazi kwa saa chache, ikazimika yenyewe, ikawaka tena, ikazimika. Fermi alipokuwa akitafuta sababu, aliambiwa amwulize Bibi Wu, kwa kuwa katika utafiti wake wa Berkeley alikuwa ameichunguza gesi ya ksenoni ambayo huzaliwa urani inapopasuka. Ikaonekana kwamba ksenoni-135 ndiyo iliyokuwa ikimeza nyutroni na kuuzima moto. Matokeo ya kazi ile yote tunayajua: Agosti 1945, Hiroshima na Nagasaki. Nchi yake mwenyewe ilikuwa imekaliwa na majeshi ya Japani, na ndugu zake walikuwa huko. Hilo linaeleza kwa nini aliifanya kazi hiyo, halifuti kilichotokea.

Na hapa kuna jambo linalotuhusu sisi kwa karibu zaidi kuliko wengi wetu tunavyodhani. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika kazi ile ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, Kongo, katika nchi ambayo watu wake husema Kiswahili kama sisi. Kiasi cha tani 1,200 za mawe hayo zilikuwa zimekwisha kuhifadhiwa katika ghala la Staten Island, hapo hapo New York, hata kabla kazi yenyewe haijaanza. Vitabu vya historia ya bomu vinawataja mabingwa kwa mamia, na mkurugenzi wa kampuni ya Kibelgiji iliyoyauza mawe hayo naye anatajwa. Wachimbaji walioyatoa ardhini hawatajwi. Nimelisema hili kwa sababu nitalirudia swali la nani hutajwa na nani hutajwi pale tutakapofika mwaka 1957.

Vita ilipokwisha, Bibi Wu alibaki Columbia na kuchagua uwanja ambao ungemfaa mtu mwenye subira: namna viini vya atomu fulani zinavyotupa elektroni na kugeuka kuwa atomu za namna nyingine. Jambo hilo huitwa mnyauko wa beta. Mwaka 1934 Fermi alikuwa ametoa nadharia inayoeleza elektroni ngapi zitoke kwa kasi gani, lakini vipimo vya maabara mbalimbali vilikataa kukubaliana nayo. Wengine walianza kuamini kuwa nadharia ina kasoro. Bibi Wu akashuku vipimo. Aliona kwamba tabaka la kemikali lililotandazwa kwa ajili ya kupimwa lilikuwa nene na lenye mabonde, na elektroni zilizotoka ndani yake zilikuwa zikipunguzwa kasi njiani kabla ya kufika kwenye chombo. Ilihitajika tabaka jembamba, sawa pande zote. Alilipata kwa kutia dawa ya sabuni kidogo katika maji ya kemikali yenye shaba, na maji yakatandazika vizuri badala ya kujikusanya matone matone. Mwaka 1949 vipimo vyake vikathibitisha kwamba Fermi alikuwa sahihi. Ubishi wa miaka 15, na sehemu ya dawa yake ilikuwa sabuni!

Kwa hiyo ilipofika mwaka 1956, mtu mwenye shida iliyohusu mnyauko wa beta alijua mlango wa kugonga. Aliyegonga ni Tsung-Dao Lee, Mchina mwenziwe na mwalimu mwenziwe hapo Columbia. Yeye na Chen Ning Yang walikuwa wakichunguza sheria iliyosema kwamba maumbile hayabagui kulia na kushoto. Nitajaribu kuieleza sheria hiyo kwa lugha ya nyumbani.

Weka pia ya mtoto mbele ya kioo, uizungushe kuelekea kulia. Ndani ya kioo utaiona ikizunguka kuelekea kushoto. Hakuna ajabu, maana pia ya kushoto nayo inawezekana kabisa katika dunia yetu. Mtoto mwenye kutumia mkono wa kushoto huizungusha kila siku. Sheria ilisema kwamba ndivyo ilivyo kwa kila kitu: chochote unachokiona ndani ya kioo kinaweza kutokea pia nje ya kioo, na kwa wingi ule ule. Mvutano wa ardhi uliitii sheria hiyo, na umeme na sumaku viliitii. Nguvu inayoshikilia kiini cha atomu iliitii. Lee na Yang walipopekua maandishi waligundua kwamba kwa ile nguvu hafifu inayosababisha mnyauko wa beta, hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kupima. Watu walikuwa wameamini tu. Waliandika makala iliyotoka Oktoba 1956, wakapendekeza majaribio kadhaa. Bibi Wu alikuwa amekwisha kumshauri Lee tangu kabla ya hapo kwamba chombo bora kingekuwa kobalti-60.

Wakubwa wa fizikia walicheka. Wolfgang Pauli, mtu ambaye neno lake lilikuwa kama hukumu ya mahakama ya rufani, aliandika kwamba hasadiki hata kidogo kuwa Mungu ana mkono mmoja dhaifu kuliko mwingine. Richard Feynman aliweka dau la dola 50 kwamba sheria haitaanguka. Wataalamu wengi wa majaribio hawakutaka kujisumbua kwa kazi ngumu ambayo jibu lake walidhani wanalijua.

Bibi Wu na mumewe, Luke Chia-Liu Yuan, ambaye naye alikuwa mwanafizikia, walikuwa wamekwisha kupanga safari ya Ulaya na Mashariki ya Mbali, miaka 20 tangu waondoke kwao. Nafasi katika meli ya Queen Elizabeth ilikuwa tayari. Alimwambia mumewe asafiri peke yake. Aliona wazi kwamba jaribio hilo lazima lifanywe mara moja, kabla wengine hawajazinduka.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Viini vya kobalti-60 huzunguka kama pia, lakini katika joto la kawaida pia hizo zimelala kila moja upande wake, kama watu sokoni. Ili kuzipanga zote zisimame upande mmoja lazima uzipoze mpaka sehemu ndogo tu ya nyuzi moja juu ya sifuri kamili, yaani kiasi cha nyuzi 273 chini ya sifuri ya Selsiasi, kisha uzishikilie kwa sumaku. Columbia haikuwa na vyombo vya baridi ya namna hiyo. Vilikuwapo Washington, katika taasisi ya serikali ya vipimo na viwango, na huko alikuwako Ernest Ambler na wenzake watatu: Raymond Hayward, Dale Hoppes na Ralph Hudson. Basi kwa miezi kadhaa Bibi Wu akawa mtu wa garimoshi, akifundisha New York na kufanya jaribio Washington.

Kobalti ilipakwa juu ya fuwele moja, nayo ikafunikwa kwa fuwele nyingine ili baridi isipotee. Fuwele hizo zilioteshwa na watu wa Bibi Wu huko Columbia, pole pole, mpaka zikafikia ukubwa uliotakiwa. Gundi ya kuziunganisha ilishindwa kuhimili baridi, zikafungwa kwa uzi mwembamba wa nailoni. Hata zilipopatikana zote, baridi ilidumu dakika chache tu, kisha pia zikalala tena. Katika dakika hizo chache ndipo elektroni zilipohesabiwa: je, zinatoka sawa kwa sawa katika ncha zote mbili za pia, kama sheria ilivyodai?

Hazikutoka sawa. Nyingi zilitoka ncha moja. Sumaku ilipogeuzwa, hesabu nazo ziligeuka. Kwa maneno mengine, ukilitazama jaribio hilo katika kioo utaona jambo ambalo halitokei duniani. Maumbile yanajua kulia na kushoto.

Mwanamke mwenye kupenda sifa angekimbilia magazeti siku hiyo hiyo. Usiku wa kuamkia Krismasi 1956 theluji ilifunga uwanja wa ndege, naye akapanda garimoshi la mwisho kurudi New York na kumwambia Lee kwamba dalili ni kubwa, lakini bado anahakiki. Ilichukua wiki mbili nyingine za kutafuta kila kosa linaloweza kudanganya. Habari hizo za awali zilipomfikia Leon Lederman na wenzake hapo Columbia, wao walitumia mtambo mkubwa waliokuwa nao, wakapata jibu lile lile kwa njia nyingine katika siku chache tu. Kwa uungwana wakangoja Bibi Wu amalize kwanza. Mnamo saa nane usiku wa Januari 9, 1957, watu watano walisimama katika maabara ya Washington wakanywa mvinyo wa Kifaransa katika vikombe vya karatasi. Makala zote mbili zilitoka Februari 15, 1957. Feynman alilipa dola zake.

Hata hivyo Columbia iliwaita waandishi wa habari mapema, Januari 15, na kesho yake habari zikawa ukurasa wa mbele wa New York Times. Katika magazeti mengi ushindi ukawa wa Columbia na wa Bibi Wu. Wale wanne wa Washington, ambao baridi ilikuwa yao na usiku ulikuwa wao pia, wakawa kama watu waliobeba viti. Majina yao yamo katika makala ya kisayansi chini ya jina lake, lakini waulize watu leo jaribio hilo linaitwaje: linaitwa jaribio la Wu. Nalisema kwa sababu tukitetea haki ya mtu mmoja hatuna ruhusa ya kuisahau ya wengine.

Oktoba 1957, Stockholm ikatangaza: Lee, mwenye miaka 30, na Yang, mwenye miaka 35. Nao walistahili, sitaki mtu atoke humu akidhani kwamba walimnyang'anya Bibi Wu kitu. Kuuliza swali ambalo dunia nzima imesahau kuliuliza ni kazi kubwa, na katika hotuba zao walilitaja jaribio lake kwa heshima.

Wako wanaoitetea kamati ya tuzo kwa hoja ya kalenda: majina ya kupendekezwa kwa mwaka ule yalipaswa kufika kabla ya mwezi Februari, na makala ya jaribio ilitoka katikati ya Februari. Hoja hiyo naikubali kwa mwaka 1957. Lakini kulikuwa na mwaka 1958, na 1959, na mingine mingi hadi alipofariki, na kumbukumbu za kamati yenyewe zilizofunguliwa baadaye zinaonyesha kwamba jina lake lilipendekezwa mara kadhaa. Kalenda haiwezi kubeba lawama ya miaka 40. Tangu tuzo ya fizikia ianze mwaka 1901 hadi 2025, wanawake waliopewa ni watano tu.

Naona pia kwamba pana ubaguzi wa pili uliofichwa chini ya ule wa kwanza. Mwenye nadharia huonekana ndiye mwenye akili, na mwenye jaribio huonekana ndiye mwenye mikono. Sisi hatuna haki ya kuwacheka Wazungu kwa jambo hilo. Ni mara ngapi mwanafunzi wetu amefaulu fizikia kwa kukariri, bila kushika waya wala lenzi, na tukampongeza? Ni mara ngapi mtunza maabara wa shule ameitwa kubeba meza wakati wa mahafali, wala hakuitwa kukaa miongoni mwa walimu? Pauli na Feynman walikuwa na akili zilizozidi za watu wote waliomo humu tukizijumlisha, na wote wawili walikosea, kwa sababu jambo lile halikuweza kujulikana kwa kufikiri. Ilibidi mtu akapime.

Heshima nyingine zilikuja kwa wingi, nami nitazipitia haraka. Mwaka 1958 alipewa uprofesa kamili, akachaguliwa katika Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani, na Princeton, ile ile isiyopokea wasichana, ikampa udaktari wa heshima katika sayansi, mwanamke wa kwanza kuupata. Mwaka 1975 akawa mwanamke wa kwanza kuwa rais wa Jumuiya ya Wanafizikia wa Marekani, na mwaka huo huo akapewa Nishani ya Taifa ya Sayansi. Mwaka 1978 Tuzo ya Wolf ya fizikia ilipotolewa kwa mara ya kwanza kabisa, alipewa yeye. Magazeti yakamwita Marie Curie wa China. Walidhani wanamsifu, nao kwa kweli walikuwa wakimwazima jina la mwanamke mwingine, kana kwamba katika chumba cha fizikia kuna kiti kimoja tu cha mwanamke na lazima wakipokezane.

Na huku nishani zikimiminika, mshahara wake ulikuwa mdogo kuliko wa wanaume wenzake wa idara ile ile. Jambo hilo lilirekebishwa mwaka 1975, Robert Serber alipokuwa mkuu wa idara na kuzifungua hesabu. Watumishi wa serikali wataelewa ninachosema: nishani hutolewa hadharani mbele ya wapiga picha, lakini mshahara huandikwa ofisini na hakuna anayepiga picha. Anayetaka kujua taasisi inamthamini mwanamke kiasi gani na aangalie orodha ya mishahara.

Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kulia lia. Alikuwa mkali kwa wanafunzi wake. Aliwataka maabara jioni na mwisho wa juma, wakampa majina ya utani ambayo hakuyapenda. Mtu akimwita kwa jina la mume alimsahihisha kwamba yeye ni Profesa Wu. Mwaka 1964, katika mkutano uliofanyika kwenye chuo cha MIT, aliwauliza wasikilizaji kama kweli atomu, au alama za hisabati, zina upendeleo wowote wa kuguswa na mwanamume kuliko mwanamke. Ni swali la mtu wa maabara, na jibu lake ni la kupimwa.

Alirudi China kwa mara ya kwanza mwaka 1973, baada ya miaka 37. Ami aliyemlipia nauli hakuwapo tena, wala mdogo wake. Wote wawili walikufa katika vurugu za Mapinduzi ya Utamaduni. Makaburi ya wazazi wake yalikuwa yamevunjwa. Waziri Mkuu Zhou Enlai alimpokea na kumwomba radhi kwa makaburi hayo.

Katika miaka yake ya baadaye aliigeuzia mbinu zake damu ya binadamu, akachunguza himoglobini na mabadiliko yanayoleta ugonjwa wa selimundu, ugonjwa ambao walimu wa shule zetu wanaujua kwa majina ya watoto darasani. Na jaribio lingine alilolichapisha mwaka 1950 pamoja na mwanafunzi wake Irving Shaknov, juu ya jozi za mionzi zinazozaliwa pamoja na kuendelea kuwa na uhusiano hata zikitengana, lilikuja kuhesabiwa kuwa miongoni mwa hatua za mwanzo za uwanja uliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2022. Safari hiyo walipewa wanaume watatu, na yeye alikuwa amekwisha kufa miaka 25.

Mwaka 2021 Shirika la Posta la Marekani lilitoa stempu yenye sura yake. Ni stempu nzuri. Lakini majivu yake hayako Marekani, ingawa alikuwa raia wa nchi hiyo tangu mwaka 1954 na mumewe alibaki huko wakati ule. Yalipelekwa Liuhe, yakazikwa katika ua wa shule ya Mingde, ile aliyoifungua baba yake kwa ajili ya wasichana, ambako alijifunza kusoma.

 Walimu wenye maswali juu ya lile jaribio la kobalti, nitakuwapo hapa mpaka jioni, na nimekuja na pia na kioo.